Maswali Yenu: Lengo Limekwama, Hamu Imekwisha

Barua nyingi za toleo hili zimebeba kilio kimoja: nilikuwa na lengo, limekwama, na sasa hata kuamka asubuhi ni kazi. Tumechagua tano. Majibu yameandaliwa na washauri wetu wa afya ya akili pamoja na watu wanaojua taratibu za masomo, ujenzi na akiba. Tumewakutanisha kwa makusudi. Mtu aliyekwama kwa sababu ya somo moja la Fizikia, au kwa sababu ya mkopo, hatafarijika sana akiambiwa tu kwamba asikate tamaa.

Shikamooni. Nina miaka 26, naishi Tabora. Tangu shule ya msingi nilitaka kuwa daktari. Kidato cha nne nilipata daraja la nne: Kiswahili C, Baiolojia, Kemia, Kiingereza na Uraia D, Fizikia na Hisabati F. Sasa nauza duka la vipodozi la shangazi yangu. Niliosoma nao wawili wameshamaliza udaktari. Kila mwaka nasema nitarudia mtihani, kila mwaka sijisajili. Nikifunga duka najilaza na simu mpaka saa sita usiku. Sina furaha wala hamu ya chochote.

Marahaba, mdogo wetu. Barua yako ina mambo mawili yaliyosokotana: njia ya kufika kwenye udaktari, na hamu iliyokauka. Tuanze na hamu, maana bila hiyo dirisha la usajili litafunguliwa tena na kufungwa ukiwa umelala na simu.

Wengi wetu hungoja hamu ije kwanza ndipo tufanye jambo. Kwa mtu aliyevunjika moyo mpangilio huo haufanyi kazi. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn alieleza mzunguko huu: mtu akikwama hujitenga na mambo yaliyokuwa yakimpa raha au heshima, akijitenga, siku zake hukosa kitu cha kumfurahisha, zikikosa, moyo hushuka zaidi, naye hujitenga zaidi. Tiba iliyotokana na mawazo hayo huanzia kwenye matendo. Unatenda kwa ratiba, hata ukiwa huna hamu, na hamu hufuata nyuma, mara nyingi baada ya wiki kadhaa.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Chukua daftari la kurasa 40, ugawe kila siku vipande vya saa mbili mbili tangu unapoamka, na katika kila kipande andika ulichofanya na alama mbili kati ya 0 na 10. Ya kwanza ni ya raha: nilifurahi kiasi gani? Ya pili ni ya kuweza: nilijiona nimefanya kitu kiasi gani? Andika palepale au jioni ileile, kwa sababu kumbukumbu ya mtu mwenye huzuni hupaka siku nzima rangi moja. Watu wengi hugundua kwamba kile walichokiita mapumziko, yaani simu kitandani, kinapata 2 au 3, na jambo walilolipuuza, kama kumsuka mtoto wa jirani au kupanga upya rafu ya duka, linapata 6.

Wiki ya pili chagua mambo matatu tu, ukiangalia alama zako: moja la mwili, moja la watu, moja la lengo lako. Kila moja lisizidi dakika 20. Yafunge kwenye saa, mahali na tendo unalolifanya tayari. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa namna ya "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Kwa hiyo usiandike "nitafanya mazoezi". Andika: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikishafunga kufuli la duka, natembea kwa miguu hadi nyumbani kwa njia ndefu." Na usiandike "nitasoma". Andika: "Nikishaosha vyombo vya chakula cha usiku, nakaa mezani na Fizikia dakika 20, simu ikiwa chumba kingine."

Mpango huu huharibikia mahali palepale kila mara. Kwanza ni ukubwa: mtu anaanza na saa mbili za kusoma, siku ya tatu anachoka, anajiita mvivu. Kama huna uhakika wa kulitimiza jambo hata siku mbaya, ligawe nusu. Pili ni saa: umepanga kusoma saa nne usiku wakati umesimama dukani tangu asubuhi. Jaribu saa kumi na mbili alfajiri kabla ya duka. Tatu, na hili ndilo huua mipango mingi, ni kupima faida siku hiyohiyo. Siku za mwanzo utatembea na utarudi bila kujisikia tofauti. Linganisha wastani wa alama za wiki ya kwanza na wa wiki ya nne. Ukiruka siku moja, siku inayofuata fanya nusu ya kipimo, usijaribu kufidia.

Kuhusu simu, nunua saa ya mezani yenye kengele ili simu isiwe na sababu ya kulala nawe. Ichaji sebuleni kuanzia saa nne usiku. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba hadi tisa, na sehemu ya ukavu unaousikia asubuhi inatokana na kulala saa sita na kuamka saa kumi na mbili.

Sasa udaktari. Umekuwa ukilitazama jambo hili kama mlima mmoja: kurudia mtihani wote. Angalia cheti chako tena. Ngazi ya cheti (NTA ya 4, katika ngazi za tuzo za ufundi za taifa) katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, huhitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kuanzia alama D. Wewe unayo matano. Kozi ya utabibu (kazi ya tabibu, ngazi iliyo chini ya udaktari) huhitaji ndani yake Kemia, Baiolojia na Fizikia; kozi ya famasia huangalia Kemia na Baiolojia. Maana yake mlango wa famasia pengine uko wazi sasa hivi, na wa utabibu umezuiwa na somo moja, siyo saba. Soma kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka unaoomba, kwa sababu vigezo hubadilika na kila chuo kinaweza kuongeza vyake. Anayemaliza stashahada (NTA ya 6) akiwa na wastani wa alama (GPA) wa angalau 3.0 anaweza kuomba shahada, ingawa udaktari una ushindani mkali na huangalia pia masomo yako ya kidato cha nne. Ndiyo sababu tunakushauri urudie Fizikia na Hisabati, ukianzia Fizikia.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na mtihani hufanyika Novemba. Ulizia mapema kituo utakachofanyia kina utaratibu gani wa mtihani wa vitendo, maana hapo ndipo watahiniwa wengi wa sayansi hukwama. Ukisoma dakika 45, siku tano kwa wiki, kwa wiki 36, unapata saa 135. Zinatosha kupita mada za Fizikia na kufanya mitihani iliyopita, ambayo hupatikana bure kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA). Anza na mitihani hiyo ili ujue usichokijua, kisha ndipo ufungue kitabu.

Mwisho, jiulize ulitaka udaktari ukupe nini. Kama ni kuhudumia wagonjwa, huhitaji kungoja miaka minane: ulizia tawi la Chama cha Msalaba Mwekundu mkoani kwako kuhusu kujitolea na mafunzo ya huduma ya kwanza, au zahanati ya kata kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kama ni heshima ya familia, hilo ni jambo jingine na linastahili mazungumzo na mtu unayemwamini. Na jiwekee kikomo sasa ukiwa umetulia: mitihani miwili ya Fizikia. Ikishindikana, unaingia famasia kwa moyo wote. Utafiti wa Carsten Wrosch na wenzake umeonyesha kwamba wanaoweza kuliacha lengo lisilofikika na kushika jingine lenye maana huwa na hali bora ya moyo. Kuacha bila kushika kingine ndiko huacha pengo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 47, Singida. Nyumba yangu ya vyumba vinne imesimama kwenye lenta tangu 2019. Nilikopa benki mara mbili. Mkopo wa pili uliishia kwenye ada na matibabu ya mama. Makato bado miaka mitatu. Siku hizi nikienda kazini nazunguka njia nyingine nisiione. Mke wangu ananiambia nitulie, lakini nitatuliaje nikiwa bado napanga?

Ndugu mwalimu, hatua ya kwanza ni kuacha kuizunguka. Kukwepa kitu kinachouma hutuliza kwa dakika chache na kukifanya kiume zaidi kesho yake. Jumamosi hii nenda kiwanjani nusu saa, ukiwa na daftari na fundi mwingine asiye yule aliyejenga. Kazi yenu ni kuorodhesha hali ilivyo: kozi za juu za tofali zimeliwa na mvua kiasi gani, nondo zilizoachwa wazi zimeshika kutu kiasi gani, kuna miti iliyoota karibu na msingi? Ukuta ulio wazi unaharibikia juu kuja chini, kwa hiyo kuupaka sehemu ya juu mchanganyiko wa mchanga na sementi ni kazi ndogo inayolinda gharama kubwa. Ukishaandika, umebadilisha aibu kuwa orodha ya kazi.

Pili, unahitaji nini hasa? Umeandika: bado napanga. Haja yako ni kuacha kulipa kodi na kulala kwako. Vyumba vinne ni namna moja tu ya kuipata. Muulize fundi bei ya kupaua vyumba viwili na choo, paa la mteremko mmoja, na ukuta wa muda wa kufunga upande uliobaki. Kuna masharti: mkanda wa lenta uwe umekamilika kuzunguka jengo lote, na mteremko wa paa upangwe ili baadaye paa kubwa liunganike bila kubomoa. Kosa linalowapata wengi ni kupaua nyumba nzima, pesa ikaisha kabla ya milango na madirisha, na mabati yakang'olewa usiku kwa sababu hakuna anayelala pale. Vyumba viwili vyenye watu ndani hujilinda.

Katika kununua, tangulia na vitu visivyoharibika: nondo, mbao zilizotiwa dawa, mabati, fremu za milango. Sementi iwe ya mwisho. Mfuko hunyonya unyevu hata ukiwa umefungwa, na ukikaa zaidi ya miezi mitatu nguvu yake hupungua. Walimu wengi hununua mifuko kumi wakati wa likizo ili pesa isiliwe, kisha wanakuta mabonge. Ukitaka pesa isiliwe, iweke kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) au kwenye VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) yenye mzunguko wa mwaka, kwa agizo la kukata siku ileile mshahara unapoingia. Siku mtakayohamia, kodi mliyokuwa mkilipa iendelee kukatwa kwa utaratibu uleule na iende kwenye vyumba vilivyobaki.

Usiongeze mkopo juu ya huu. Kanuni ya kubaki na theluthi ya mshahara ipo kwa sababu nzuri. Na mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu ikae mbali kabisa na nyumba hii. Tuseme umekopa shilingi 500,000 urudishe 650,000 baada ya mwezi. Ukishindwa ukawa unalipa riba tu, baada ya miezi minne umelipa 600,000 na bado unadaiwa 500,000 ileile.

Na kuhusu kutulia, mkeo ana hoja. Watoto wenu wanakulia katika nyumba hiyo ya kupanga. Utoto wao hauwangoji mabati. Fanyeni humo yale mnayoahirisha: karibisheni wageni, pandeni mchicha kwenye magunia, tundikeni picha za familia. Mwenye nyumba akizuia misumari, zipo gundi za kutundikia. Mtu anayeishi vizuri anapopanga hujenga kwa utulivu zaidi, na hafanyi maamuzi ya pesa kwa hasira.

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Mombasa, miaka 39, tuko mwaka wa nane wa ndoa bila mtoto. Nimemeza kila dawa, nimezibuliwa mirija, nimesomewa. Mume wangu hajapimwa, asema yeye ni mzima. Siendi tena arubaini wala harusi. Nimeacha hata biashara yangu ya mikate. Nauliza, mtu huishi vipi na jambo kama hili?

Wa alaykum salaam, dada yetu. Pole sana. Huzuni yako ni ya msiba, ila ni msiba usio na matanga, kwa hiyo watu hawajui kukupa pole. Jipe ruhusa ya kuomboleza. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia ugumu wa kupata mtoto katika maisha yake. Si wewe peke yako, wala si adhabu.

Lakini hatutaki uombolezee jambo ambalo halijapimwa upande wa pili. Sababu za upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, na nguvu za mwili au za chumbani hazionyeshi lolote kuhusu mbegu. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote ulivyofanyiwa: ajizuie siku mbili hadi saba, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa imewekwa karibu na mwili isipoe. Majibu yakiwa mabaya, hurudiwa baada ya kama miezi mitatu, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Namna ya kumwambia: "Daktari hatanipa hatua nyingine bila karatasi zetu sote wawili." Ni kweli, daktari makini hawezi kuendelea vinginevyo. Mwende pamoja, na mzungumzie hilo mkiwa peke yenu, si mbele ya mama mkwe. Kwa umri wako lifanyike mwezi huu. Baada ya miaka 40 uwezekano wa kufaulu, hata kwa upandikizaji wa mimba, hushuka haraka pale yanapotumiwa mayai ya mwanamke mwenyewe.

Kabla ya kuanza tiba nyingine yoyote, kubalianeni mambo matatu na myaandike: tutajaribu mara ngapi, tutatumia pesa kiasi gani, na mwisho ni tarehe gani. Wanandoa wanaoumia zaidi ni wale wanaoingia bila kikomo, wakauza kiwanja, kisha gari, na kila mara uamuzi ukafanywa katika wiki ya machozi.

Swali lako la kuishi lina jibu moja la vitendo. Chukua karatasi, andika kila ulichokisimamisha ukisema "nikishashika mimba": biashara ya mikate, umra, masomo, kumtembelea dada yako, kupaka nyumba rangi. Kila mwezi rudisha kimoja. Anza na mikate, na anza kidogo: trei mbili za mkate wa mofa au wa sinia, siku mbili kwa wiki, kwa wateja watano wa zamani. Uirudishe kwa sababu ilikuwa yako, na ilikupa watu wa kuzungumza nao kuhusu kitu kingine.

Arubaini na harusi usiziache zote wala usiende zote. Chagua za watu wa karibu, nenda mapema, kaa nusu saa, ubaki na sababu ya kuondoka uliyoiandaa nyumbani. Wanaouliza wajibu sentensi moja isiyofungua mjadala: "Tuombeeni dua," kisha ugeuze mazungumzo. Ndugu za mume ajibu mume.

Milango mingine ya ulezi ipo, ila usiisukume kabla moyo haujawa tayari. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto mwenye uhitaji kwa misingi ya Kiislamu, mtoto akibaki na nasaba yake. Kadhi na ofisi ya watoto ya kaunti watawaeleza utaratibu.

Mimi ni mwendesha bodaboda Nakuru. Nataka pikipiki yangu mwenyewe. Kila asubuhi nasikiliza hotuba za hamasa, najisikia moto kabisa, lakini jioni sina akiba. Shida ni nini?

Shida ni kwamba hotuba inakupa ladha ya kufika kabla hujatoka. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia kutoka Ujerumani, na mwenzake Heather Kappes walipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011: watu walioambiwa wajione wamefanikiwa walibaki na nguvu kidogo zaidi za kufanya kazi yenyewe, hata shinikizo lao la damu lilishuka kama la mtu aliyeanza kupumzika. Anachopendekeza Oettingen ni hatua nne, dakika tano kwa siku. Taja unachotaka. Jione umekipata, kwa ufupi. Kisha taja kikwazo kilichomo ndani yako, siyo cha serikali wala cha bei ya mafuta. Halafu ukiwekee mpango.

Kwako kikwazo pengine ni saa ile kati ya abiria wa mwisho na nyumbani, pesa ikiwa mfukoni na wenzako kijiweni. Mpango: "Nikimshusha abiria wa mwisho, kabla sijawasha tena, natuma shilingi 150 kwenye akiba ya kufungwa." M-Shwari, huduma ya akiba iliyo ndani ya M-Pesa, ina akaunti ya namna hiyo. Kwa siku 26 za kazi ni 3,900 kwa mwezi, 46,800 kwa mwaka. Ni mwanzo mzuri wa malipo ya awali. Ukiona 150 inakushinda siku za mvua, weka 80 kisha usiruke. Hotuba zako zisikilize jioni, baada ya kutuma.

Kijana wangu ana miaka 28, alimaliza shahada miaka mitatu iliyopita, hana kazi. Analala mpaka saa sita mchana, hali chakula vizuri, ameacha mpira na ameacha msikiti. Nimemsema mpaka nimechoka. Juzi aliniambia: "Baba, bora nisingekuwepo." Niko Kigoma.

Mzee wetu, sentensi hiyo ya mwisho tunaijibu kwanza. Leo, mkiwa wawili, muulize waziwazi: "Uliposema hivyo, ulikuwa unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani; mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikubali, muulize kama ameshafikiria namna. Usimwache peke yake usiku huo, toa nyumbani dawa za kuulia wadudu wa shambani, kamba na vidonge vingi, na mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa. Mwambie daktari maneno yenyewe aliyoyasema. Usiseme tu kwamba kijana ana mawazo.

Hata akikataa, apelekwe wiki hii. Huzuni au kukosa hamu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kubadilika kwa usingizi na hamu ya kula, kuchoka, kujiona hana thamani na kushindwa kutuliza akili, ni dalili za sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Mhudumu anaweza kutumia dodoso la maswali tisa, ambalo lipo pia kwa Kiswahili, linalohesabu alama kutoka 0 hadi 27. Omba pia apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kumfanya mtu mzito vilevile. Na ulizeni bila ukali kuhusu pombe, bangi na kamari ya mechi. Deni la kamari hufichwa kuliko yote.

Nyumbani, acha kumsema. Badala ya "utaamka lini kutafuta kazi", mpe jambo dogo lenye saa na linalomhitaji yeye: "Saa tatu twende wote kwa fundi cherehani, nahitaji mtu wa kupima." Mwamshe kwa chai, siyo kwa hotuba. Apate jua la asubuhi na kutembea, hata dakika kumi na tano.

Akishaanza kusimama, kaeni na matatizo yake kwa namna inayotumika Zimbabwe katika mpango wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa Harare mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda, ambao umefika pia Zanzibar. Bibi aliyefundishwa hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio lililofanywa katika kliniki 24, kwa watu 573, na kuchapishwa mwaka 2016, lilionyesha nafuu kubwa kwa waliohudhuria. Utaratibu wao ni huu: mtu ataje matatizo yote bila kukatizwa, achague moja mwenyewe, siyo lililo kubwa zaidi bali linaloweza kuguswa, atoe njia nyingi kadiri awezavyo, achague moja, aseme atafanya nini, siku gani, saa ngapi, kisha arudi kueleza ilivyokwenda. Wewe kazi yako ni kusikiliza na kuuliza "halafu?". Njia uliyomchagulia wewe ataiacha siku ya pili.

Kazi ikiwa ndilo tatizo atakalochagua, aligawe. Maombi mawili kwa wiki kwenye Ajira Portal, mfumo wa maombi ya kazi serikalini, siku moja na saa maalumu, yanatosha. Kukaa nao kutwa humvunja. Siku nyingine zijengwe na ujuzi unaoleta pesa hapo Kigoma, mfano kozi fupi ya ufundi stadi ya VETA, au kikundi cha vijana kinachoweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anajua masharti.

Daktari akimwandikia dawa za sonona, huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha nafuu, na siku za mwanzo zinaweza kuleta kichefuchefu au usingizi wa kukatikakatika. Katika wiki hizo mkae naye karibu zaidi, kwa sababu nguvu za mwili wakati mwingine hurudi kabla ya huzuni kuisha. Asiziache ghafla akijisikia vizuri. Amwone daktari aliyempa, apunguziwe taratibu.